Konsoli ya kaunta inafunga mashine isiyo yake: nianzie wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Nasimamia kafe ya intaneti ya mama yetu hapa Lindi mjini, karibu na stendi. Tuna mashine 14 za Windows 10 zilizounganishwa kwa waya kwenye swichi moja ya mtandao, na laptopu 3 za barazani zinazotumia Wi-Fi. Kaunta kuna konsoli inayofungua mashine, kuhesabu muda na kuifunga mteja akimaliza. Tangu mvua zianze umeme unakatika sana, na ukirudi mambo yanavurugika. Mashine tatu au nne zinagoma kuungana na konsoli. Juzi nilibonyeza kufunga namba 5, ikafungwa namba 9, na pale alikuwepo kijana anajaza maombi ya kazi serikalini. Kuna wakati mashine imezimika kabisa lakini konsoli inaendelea kuhesabu muda kana kwamba mtu amekaa. Zile laptopu za barazani ndiyo hazionekani kabisa, ingawa intaneti zinapata. Fundi wa kwanza kasema ni virusi, anataka kufomati zote. Wa pili alizima fayawolo kila mashine, zikakaa sawa siku chache, kisha yakawa yaleyale. Wa tatu kasema tununue seva. Kaka yangu aliyeko Dar naye anataka nifungue poti, yaani mlango wa mtandao, kwenye ruta ili awe anaiona konsoli akiwa huko. Nianze na lipi?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na la kwanza ninalokuomba ni hili: usiruhusu mtu afomati chochote wiki hii. Wewe hukabiliani na tatizo moja, una matatizo matatu yaliyokutana kaunta kwako, na kwa kuwa yote yanajitokeza kwenye skrini ileile, yanafanana. Mashine kubadilishana nafasi ni suala la anwani. Mashine iliyozimika kuendelea kuhesabiwa muda ni suala la namna muunganisho unavyokufa. Laptopu za barazani zina kisa chao, nitakifikia. Kila moja lina dawa yake, na sehemu kubwa ya dawa hizo ni jasho lako tu, hazihitaji hela.

Kuhusu virusi, angalia saa ambazo matatizo yanatokea. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mambo huvurugika umeme ukirudi. Kirusi hakina haja ya kusubiri umeme ukatike ndipo kifanye kazi yake. Kitu kinachoharibika kila baada ya vyombo vyote kuzimika na kuwaka kwa pamoja, kitafutie chanzo katika huko kuwaka kwa pamoja.

Jambo jingine hujaliuliza, lakini nimekutana nalo kwa wateja wengi huku kusini, kwa hiyo nilitaje: konsoli haihitaji intaneti ili iione mashine. Mazungumzo yao yanaishia ndani ya swichi yako, hayatoki nje ya kafe. Utakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania nzima. Siku ile konsoli yako ingeweza kabisa kufunga na kufungua mashine zote 14. Ukitaka kuhakikisha, subiri mfunge kafe, uchomoe laini kwenye ruta na kuiacha ruta ikiwaka. Mashine za waya zitaendelea kuonekana. Kwa hiyo bando kuisha au mtandao wa simu kuwa mzito usikupeleke kugusa mipangilio ya konsoli.

Sasa tuje kwenye namba 5 na namba 9, maana hapo ndipo ufunguo ulipo.

Kila mashine ina anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.105. Kwa kawaida anwani hizo hugawiwa na ruta, na inazigawa kama mhudumu wa gesti anavyogawa vyumba: anayefika anapewa chumba kilicho wazi kwa muda fulani, jina lake linaandikwa daftarini. Ruta nyingi za bei nafuu huweka daftari hilo kwenye kumbukumbu inayofutika zikizimika. Umeme ukikatika, daftari linapotea. Umeme ukirudi, wageni 14 wanafika mlangoni kwa mpigo, na anayewahi ndiye anayechagua. Namba 9 ikiwahi kuamka kuliko namba 5, inaweza kupewa chumba kilichokuwa cha namba 5. Konsoli haina habari na mabadiliko hayo. Wakati programu inasakinishwa iliandikiwa kwamba namba 5 yuko chumba fulani, basi amri ya kufunga inapelekwa chumba hichohicho, na anayeipokea ni yule kijana wa maombi ya kazi.

Zile mashine tatu au nne zinazogoma kuungana ni mtoto wa mama huyohuyo. Ruta ya laini inachukua muda kuamka, na mashine yenye diski ya SSD inaweza kuwa tayari kabla yake. Mashine ikiomba anwani na isijibiwe, Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Huyo ni mgeni aliyekuta mhudumu bado amelala, akajilaza barazani. Windows itaendelea kugonga mlango kila baada ya dakika chache, ndiyo maana pengine umeshaona mashine inarudi yenyewe bila mtu kuigusa.

Usikubali kwa sababu mimi nimesema. Umeme ukikatika tena na kurudi, nenda kwenye namba 5, fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, soma mstari wa IPv4. Fanya hivyo namba 9, na kwenye mojawapo ya zilizogoma. Linganisha na anwani zilizoandikwa kwenye konsoli. Ukikuta 5 na 9 zimepishana na iliyogoma inaanza na 169.254, mjadala wa virusi umekwisha. Ukiwa hapohapo andika pia hostname, uone jina la mashine. Kuna mafundi wanaoandaa mashine moja kisha wananakili diski yake kwa zote, na mashine zinatoka na jina moja. Konsoli inayotafuta mashine kwa jina haiwezi kutofautisha mapacha hao.

Dawa ni kila mashine kuwa na anwani yake isiyohama, na zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kwenye ruta na kuhifadhi anwani kwa kila mashine kwa kutumia anwani yake ya MAC, ile yenye tarakimu na herufi 12 ambayo utaisoma ukiandika ipconfig /all. Njia hii ni nadhifu kwa sababu kila kitu kinakaa mahali pamoja. Ubaya wake ni kwamba bado unamtegemea mhudumu aamke kwanza, na siku ruta ikifa, mpangilio wote umekufa nayo. Njia ya pili ni kuandika anwani kwa mkono ndani ya kila mashine. Ni kazi ya kujirudia mara 14, na ukikosea tarakimu moja utajitafutia usumbufu, lakini mashine ikiwaka inajijua ni nani hata kama ruta imezimika.

Kwa ofisi kubwa ningekushauri ya kwanza bila kusita. Kwa kafe ya mashine 14 yenye umeme kama wenu, mimi ningeandika kwa mkono. Konsoli ipe 192.168.1.10, namba 1 ipe 192.168.1.101, namba 2 ipe 102, mpaka 114, ili tarakimu za mwisho zikuambie ni kiti kipi. Hiyo ni kama ruta yako inatumia 192.168.1, ikiwa ni 192.168.8 au nyingine, fuata ya kwake. Kisha ingia kwenye ruta uiambie igawe anwani kuanzia 150 kwenda juu, isije ikampa mteja wa simu chumba chenye mwenyewe. Usisahau kujaza anwani ya ruta na ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kwenye kila mashine, la sivyo konsoli itaiona mashine vizuri lakini mteja hatafungua hata ukurasa mmoja. Yote yaandike kwenye daftari la karatasi, libandikwe ndani ya mlango wa kabati la kaunta. Nakusisitizia karatasi kwa sababu siku utakayolihitaji daftari hilo ndiyo siku ambayo kompyuta hazifunguki.

Tatizo la pili, la mashine maiti kuhesabiwa muda, lina maelezo ambayo mafundi wengi hawayatoi, na ukiyaelewa utajua cha kurekebisha.

Tunaposema konsoli "imeungana" na mashine, tunadhani kuna kitu kinatiririka kwenye waya muda wote, kama maji kwenye bomba. Hakipo. Muunganisho ni kumbukumbu iliyo pande mbili: konsoli inakumbuka kwamba inazungumza na namba 7, na namba 7 inakumbuka kwamba inazungumza na konsoli. Kama hakuna la kuambiana, waya unakaa kimya na muunganisho bado ni mzima. Programu ikifungwa kwa utaratibu hutuma neno la kuaga, na konsoli inafuta kumbukumbu yake. Umeme ukikatika hakuna anayepata nafasi ya kuaga. Mtu wa pwani hana haja ya mfano mrefu hapa. Mvuvi ametoka alfajiri, nyumbani wanamhesabu yuko baharini, na hata kama ameshatia nanga Kilwa na amelala usingizi, wao wataendelea kumhesabu yuko majini mpaka ipite saa waliyokubaliana kuanza kuulizia.

Saa hiyo ya kuulizia ndiyo ya kuangalia. Windows ina utaratibu wake wa kuuliza kama mwenzake bado yupo, lakini unafanya kazi tu pale programu inapouomba, na isipobadilishwa husubiri saa 2 za ukimya kabla ya kuuliza mara ya kwanza. Kwa kafe, saa 2 za kuhesabia kiti kitupu ni ugomvi na mteja. Kwa hiyo programu nyingi za usimamizi huwa na mapigo yake zenyewe: kila baada ya sekunde kadhaa konsoli na mashine hujuliana hali. Fungua mipangilio ya programu yako utafute sehemu ya muda wa mapigo na muda wa kusubiri kabla ya kutangaza kwamba mashine imepotea. Pigo kila sekunde 10 au 15, na mashine itangazwe imepotea baada ya mapigo matatu kukosekana, ni mwanzo mzuri. Usiwe na pupa ukaweka sekunde 2. Mashine ya zamani inayofungua faili kubwa inaweza kuchelewa kujibu ikiwa hai kabisa, na wewe utakuwa umemkatia mteja bila kosa.

Hapohapo kwenye mipangilio angalia upande wa pili: konsoli ikizimika, mashine zifanye nini? Baadhi ya programu hufunga mashine papo hapo. Nakuomba uchague ziendelee kwa dakika kadhaa, tano au kumi. Hasara ya dakika tano ni ndogo. Mtu aliyepanda gari kutoka Nachingwea au Liwale kuja kutuma maombi siku ya mwisho, akafungiwa akiwa ukurasa wa tatu, hasara yake huwezi kumrudishia.

Sasa hela. Kabla ya kufikiria seva, nunua UPS moja ndogo, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, na uichomekee vitu vitatu tu: konsoli, swichi na ruta. Mashine 14 ziache. Ruta na swichi zinakula umeme kidogo sana, hivyo hata UPS ya kawaida itazibeba kwa muda wa kutosha kukatika kwa dakika chache kupite. Utapata faida tatu kwa mpigo: konsoli haipotezi hesabu, daftari la ruta halifutiki, na mashine zikiamka zinamkuta mhudumu yuko macho. Seva haitakusaidia lolote hapo. Kazi ya kuhesabu muda wa mashine 17 ni nyepesi kwa kompyuta yoyote uliyo nayo kaunta, na seva ya mamilioni iliyounganishwa kwenye anwani zinazohama itamfunga mtu asiye na kosa vilevile kama ya sasa.

Laptopu za barazani. Kwa kuwa intaneti zinapata, redio ya Wi-Fi na nywila ni nzima. Ruta nyingi zina kipengele kinachozuia vifaa vya Wi-Fi kuonana na kuzungumza na vilivyo kwenye waya. Kila kimoja kinaruhusiwa kwenda intaneti tu. Kwenye mtandao wa wageni kipengele hicho kwa kawaida huwa kimewashwa tayari. Angalia kwanza kama laptopu zimeingia kwenye mtandao wa wageni. Kisha soma anwani zake: zikiwa 192.168.8 na konsoli ni 192.168.1, ina maana zipo nyuma ya ruta nyingine, na konsoli haiwezi kuzifikia kwa kuzitafuta. Suluhisho ni kuzihamishia kwenye Wi-Fi ya mtandao mkuu na kuondoa kizuizi hapo. Simu za wateja ziache kwenye ule wa wageni, tena kwa nywila tofauti. Usichanganye. Ukiondoa kizuizi huku simu za kila mpita njia ziko humohumo, umewafungulia mlango wa kufika kwenye mashine zako zote. Kama ruta yako haiwezi kuendesha mitandao miwili, vuta waya mpaka barazani. Waya wa mtandao unafika mita 100 bila shida, na barazani kwenu hapafiki hata mita 20.

Fayawolo, ule ukuta wa Windows unaozuia wasioalikwa, nitakuambia kwa mkazo: iwashe tena leo, kila mashine. Zile siku chache za nafuu hazikuletwa na kuizima. Mashine ziliwashwa upya, zikapata anwani sahihi, na umeme ulipokatika tena zikavurugika. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wateja wanakuja na flashi zisizojulikana zilikotoka. Huwezi kuacha mlango wazi katika hali hiyo. Inaweza kuwa kweli kwamba fayawolo inazuia kitu, lakini dawa yake ni kuruhusu ile programu moja. Uliza kwanza nani anampigia nani. Katika programu nyingi za kafe, mashine ndiyo inayoitafuta konsoli, kwa hiyo ruhusa inawekwa kwenye konsoli. Katika zile za madarasa kama Veyon ni kinyume: konsoli ndiyo inayozifuata mashine, kwa kawaida kupitia poti 11100, na ruhusa inawekwa kwenye kila mashine. Angalia pia kama Windows imeutambua mtandao wenu kuwa wa umma au binafsi. Ukibadili ruta, Windows inaweza kuuona mtandao kuwa mgeni na kuuweka kwenye kundi la umma, ambako masharti ni makali. Na usihukumu kwa ping, ile amri ya kuuliza kama mashine ipo, peke yake. Mashine nzima inaweza kukataa kujibu ping kwa sababu fayawolo imeizuia. Tumia PowerShell na amri ya Test-NetConnection ukiipa anwani na namba ya poti, itakuambia kama mlango unaoutaka unafunguka.

Kuna la waya ambalo nisipolisema nitakuwa nimekunyima haki. Mko karibu na bahari, na hewa ya chumvi inakula vile vidole vya shaba kwenye kichwa cha waya. Mashine moja ikisumbua peke yake huku wenzake wazima, kabla ya kugusa programu badilisha waya wake na uihamishe tundu kwenye swichi. Tazama taa ya tundu hilo, isipowaka hakuna anwani itakayosaidia. Na siku mashine zote zikipotea kwa pamoja na taa za swichi zikapepesa kama zimepagawa, tafuta waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ileile. Niliwahi kupoteza nusu siku katika ofisi moja huko Mikindani. Msafishaji aliona ncha inaning'inia, akaichomeka kwa nia njema kabisa, na mtandao mzima ukajizungushia ujumbe wake wenyewe mpaka ukashindwa kupumua.

Kaka yako mwambie asubiri. Konsoli iliyofunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti hupatikana haraka na watu wanaoipekua mchana na usiku, na anayeiingia anaweza kuona skrini za wateja wako wakijaza namba za NIDA na nywila. Tena kwa ruta ya laini, kufungua poti mara nyingi hakufanyi kazi, kwa sababu kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Akitaka kweli kuona hesabu, wekeni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kama WireGuard au Tailscale, aingie yeye peke yake. Na kama konsoli yenu ina uwezo wa kutazama skrini ya mteja, bandikeni tangazo linalosema hivyo, au kizimeni kipengele hicho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kafe yenu haiko nje yake.

Fundi aje lini? Mwite bila kuchelewa kama swichi au ruta ina joto lisilo la kawaida au harufu ya kuungua, kama matundu kadhaa yamekufa kwa pamoja baada ya radi, au kama unapigwa shoti kidogo ukigusa kava la chuma la kompyuta. Hilo la mwisho ni la fundi umeme, na mashine hiyo isikaliwe na mtu mpaka waya wa ardhi uwe umekaguliwa. Mwite pia kama umeshaweka anwani za kudumu na UPS, na bado amri ya mashine moja inaangukia nyingine. Akija mpe daftari lako, na umwombe akuonyeshe kwenye skrini anachodai ameona. Akisema ni virusi, akuonyeshe jina la kirusi na faili lilipo. Akitaka kufomati, aanze na mashine moja tu, umeme ukatike na kurudi mara mbili, ndipo mzungumzie zilizobaki.

Kwa leo, mkishafunga, washa namba 5 na namba 9 tu. Zipe 105 na 109, rekebisha konsoli, kisha zima swichi ya ukutani ya kafe na uiwashe. Amri ikienda panapotakiwa mara tatu mfululizo, kesho usiku endelea na zilizobaki. Isipoenda, niandikie anwani ulizozisoma kwenye mashine hizo mbili, pamoja na ile iliyoandikwa kwenye konsoli.